Jirani Yako wa Usiku ni Nani?

Haya niliyasema Jumamosi iliyopita baada ya swala ya alasiri, kisiwani Lamu, uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, mbele ya wenye vyumba vya wageni, manahodha, watembezaji na wageni waliokuwepo. Wengi waliokosa wameniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na pale nilipokatizwa.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mliokaa kivulini, nawasalimu kwa heshima. Mama zangu, dada zangu, manahodha, vijana wa jeti, gati letu la boti, na nyinyi wageni wetu ambao hata mkutanoni mmekuja na mikoba mgongoni: karibuni Amu, Lamu yetu. Wekeni mikoba chini, hakuna atakayeichukua.

Mmeona? Nimesema hakuna atakayeichukua, na kila mmoja ameshika wa kwake. Sawasawa kabisa. Ningekuwa ugenini, ningefanya hivyo hivyo.

Mimi si polisi wala si mtu wa wizara. Nina vyumba vinne mtaa wa Langoni, ghorofani, katika nyumba aliyoniachia marehemu mama yangu, na mwaka huu natimiza miaka ishirini na miwili nikipokea wageni. Miaka ile ya mwanzo msafiri wa peke yake alikuwa Mzungu mwenye ndevu na kitabu. Siku hizi anatoka Nakuru, Thika, Kisumu, hata Dar es Salaam. Mara nyingi ni msichana. Amepata likizo ya siku nne, amepanda basi Mombasa, kapita Malindi, Garsen na Witu, kashukia Mokowe, bara, panapopandwa boti la kuja kwetu, na mkononi ana simu. Ndani ya simu mna picha ya paa la makuti, na nyuma ya paa kuna bahari. Picha hiyo ndiyo iliyomchagulia mtaa.

Sasa nawauliza: picha inajua nini?

Inajua rangi ya bahari. Inajua mito ilivyopangwa kitandani. Je, inajua kwamba jirani wa kulia amefunga nyumba tangu Januari, na wa kushoto yuko Ulaya hadi Desemba? Je, inajua ndia, yaani njia, ya kuifikia nyumba ile ikoje saa tatu za usiku, stima ikipotea? Haijui. Na mgeni naye hajui kwamba haijui.

Ngoja niwape kisa.

Mgeni mmoja wa Nakuru, jina lake tuliache, alikuja mwezi wa Mei, mvua zinanyesha, mji mtupu. Alikuwa amekodi nyumba nzima kule mtaa wa Mkomani, ghorofa tatu, kwa bei ya msimu wa mvua. Mlango wa kuchonga, daka lake, ule ukumbi wa mlangoni, kila kitu. Alikabidhiwa ufunguo jetini na kijana mwenye haraka, akaonyeshwa nyumba, kijana akaenda zake. Saa mbili usiku akatoka kutafuta chakula, akala viazi vya karai na mishikaki hapa hapa ufukweni, akafurahi. Saa tatu anarudi, stima ikakatika.

Nyinyi wenyeji mnaijua Mkomani bila taa. Kuta za mawe pande zote mbili, ndia haipishani punda wawili, na kila hatua chache kuna wikio, chumba kinachovuka ndia kutoka nyumba hadi nyumba, juu ya kichwa, hata nyota huzioni. Binti akazunguka. Kona ya kwanza mlango una kufuli. Kona ya pili kufuli. Akagonga milango minne, hakuna aliyeitika, na si kwa roho mbaya, ni kwamba hamkuwa na mtu ndani. Halafu akasikia hatua nyuma yake. Akasimama, nazo zikasimama. Akatembea, nazo zikatembea. Akatoka mbio, akateremka popote miguu ilipompeleka mpaka akatokea baharini, akafuata ukuta wa bahari kusini mpaka alipoona moto wa mama mmoja anayekaanga bajia. Mama yule akamshika mkono akaniletea.

Zile hatua, nilikuja kujua kesho yake, zilikuwa za punda.

Chekeni. Hata yeye alicheka, lakini baada ya kunywa maji bilauri mbili. Nikamuuliza: mwanangu, jirani yako kule ni nani? Akafungua kiganja akanionyesha. Akasema, "Sina jirani, mama. Nina ufunguo."

Sina jirani, nina ufunguo! Wenzangu wenye vyumba, neno hilo limenikaa kifuani mpaka leo. Maana ndiyo biashara tunayoifanya wengi wetu siku hizi. Tunauza ufunguo. Mji wetu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, kila mtu anataka kulala kwenye nyumba ya mawe, na nyumba nyingi nzuri wenyewe wako mbali. Nyumba ipo, watu hawapo. Na msafiri wa peke yake analipia watu hata kama risiti imeandikwa nyumba.

Mgeni akiniuliza kama Lamu kuna usalama, sianzi na polisi. Namwambia, keti darini kwangu, juu ya nyumba, baada ya isha utazame chini. Utawaona wazee wanatoka msikitini, wanakaa barazani. Mmoja ana kahawa, mmoja ana tasbihi, mmoja hana lolote ila maneno. Wanakaa mpaka saa nne, wengine saa tano. Hao ndio walinzi wetu. Hawana sare, hawana rungu, na wanajua nani amepita, amepita na nani, na amebeba nini. Wakati mwingine wanajua zaidi ya inavyofaa, mimi mwenyewe wamenichosha tangu ujana. Lakini usiku ule ninaotaka kuwasimulia, niliwaombea dua mmoja mmoja.

Nilikuwa na mgeni wa kiume, kijana mwenye kofia nyekundu, mkimya. Kila jioni akipita anasema "masalkheri wazee" kwa lafudhi ya bara, nao wanamjibu. Siku ya tatu, karibu saa tano usiku, mtoto akapiga hodi. "Mama, babu anasema mgeni wako wa kofia hajapita." Mimi nilikuwa nimelala! Mimi niliyechukua pesa zake nimelala, na mzee asiyemjua jina ndiye aliyemhesabu. Tukatuma vijana. Walimkuta hospitali ya King Fahd. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi za jeti, zile za chini zenye mwani, kifundo cha mguu kimevunjika na simu imezama majini. Hakuwa na namba yangu hata moja kichwani. Hakukumbuka jina la nyumba. Alichokumbuka ni kwamba kuna wazee.

Basi wageni wangu, na hasa nyinyi mnaosafiri pekee, mkitafuta pa kulala msiulize kwanza mandhari. Ulizeni hivi: nani anaishi chini ya chumba changu? Nani hukaa nje ya mlango usiku? Nisiporudi, nani atajua, na atajua saa ngapi? Mwenye nyumba akianza kukutajia kamera na kufuli, mwambie asante, nimeulizia watu.

Wala msidhani nasema hivi kwa kuwa vyumba vyangu viko Langoni. Najua kuna wenzangu wa Mkomani hapa, naona mmeshaanza kunong'onezana. Langoni ina kelele. Punda wangu wa jirani hulia saa tisa za usiku kama amefiwa. Mfereji unanuka jua likiwaka. Adhana ya alfajiri haikuulizi kama ulichelewa kulala. Na Mkomani kuna nyumba ambazo mama yuko chini na watoto wake, mjomba yuko barazani, nami ningempeleka binti yangu huko bila wasiwasi. Tena mtaa mmoja unaweza kuwa na nyumba iliyo hai na nyumba iliyokufa zikitazamana, upana wa mkono kati yao. Kwa hiyo jina la mtaa pekee halitoshi. Uliza nyumba, uliza majirani.

Na ukipotea, kwa sababu utapotea, hata sisi tuliozaliwa hapa tulipotea utotoni: tazama mfereji wa maji. Mji huu umejengwa kwenye mteremko, na maji yote yanashuka baharini. Fuata yanakokwenda, utatokea mbele. Ukishaiona bahari hujapotea tena. Na ujifunze jina la msikiti ulio karibu na ulipolala. Ukimwambia mtoto wa Amu jina la nyumba ya wageni atakodoa macho. Mwambie msikiti, atakupeleka huku akiruka kwa mguu mmoja.

Haya, Shela.

Shela, kijiji cha ufukweni kusini mwa mji wetu, ni nzuri, sina ubishi. Mchanga wake kilomita kumi na mbili, vilima vyake vya mchanga ndivyo vinavyotuhifadhia maji ya kunywa mji mzima, na usiku kijijini pametulia. Mgeni akitaka kulala Shela, kula Shela, kuogelea Shela, mwache aende, atastarehe. Tatizo ni yule anayelala Shela na kuishi mjini. Kati yake na kitanda chake kuna kilomita tatu hivi, kila usiku. Kwa mguu ni dakika arobaini au zaidi, na ndia ile ni ya pwani. Maji yakipwa unatembea kavu. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, maji makuu ya mwezi, hakuna ndia, kuna bahari na ukuta. Nimewaona wageni wamebeba viatu mkononi na simu kichwani, maji kiunoni, wanacheka. Mchana ni mchezo. Usiku, peke yako, hujui pa kukanyaga, si mchezo.

Basi hesabu nauli ya boti la usiku ndani ya bei ya chumba, kabla hujasema chumba hiki ni rahisi. Mwenye kulala Shela awe na namba ya nahodha mmoja anayemjua, aliyejulishwa na mwenye nyumba, na wapatane bei mchana. Kupatana bei usiku, giza, umechoka, ni kama kununua samaki macho yamefungwa.

(Hapa punda wawili wenye mifuko ya saruji walipita katikati ya mkutano, na wazee wakawapisha kuliko walivyonipisha mimi. Tuliendelea.)

Nilikuwa nasema juu ya Shela. Ufuko ule, ukishapita nyumba za mwisho, hauna mtu. Hakuna waokoaji, hakuna duka, na kusi, upepo wa kusini, ikivuma mawimbi huvuta. Kuna kijana wa Kisumu, mrefu, mwenye kifua cha kuogofya, alikwenda huko peke yake jioni moja kupiga picha machweo. Nilimwambia, mwanangu, tafuta mwenzako. Akacheka: "Mama, mimi ni mwanamume." Alirudi baada ya magharibi hana kamera, hana simu, na ana kiatu kimoja. Vijana watatu walitoka nyuma ya kilima. Hawakumpiga, alhamdulillah. Alikaa chumbani siku nzima. Sikujua kwa nini mpaka alipoomba kuazima simu ampigie mama yake. Aliona haya.

Ndugu zangu, tumezoea kuwausia wasichana. Vaa leso, usitoke, usijibu. Nani anawausia wavulana? Kifua hakizuii watu watatu. Na tunapomcheka mwanamume aliyeibiwa, tunamfunga mdomo, na yule aliyemwibia anapata mgeni mwingine wiki inayofuata. Kijana yule angesema usiku ule ule, vijana wa Shela wangejuana. Mchanga una nyayo, na kijiji kinajuana.

Sasa niondoke Lamu kidogo niwaeleze mimi mwenyewe nilivyofunzwa. Maana mwalimu asiyewahi kuchapwa hafundishi vizuri.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, natoka Mombasa kurudi nyumbani, peke yangu. Basi likaharibika, tukaingia Malindi karibu saa nne usiku na safari ikaahirishwa mpaka asubuhi. Sikuwa na jamaa Malindi. Kondakta akasema mitaa ya karibu na soko ina fujo, kuna watu mpaka usiku, nenda upande wa hoteli, kule kumetulia, kuna kuta na maaskari. Nikaona ni maneno ya busara. Nikapelekwa kwenye nyumba moja ya kulala wageni, siitaji na msiniulize, barabara pana, miti ya mivinje, ukuta mrefu, geti la chuma, askari na tochi yake. Nikalipa kabla ya kuona chumba. Hilo la kwanza.

Chumba kilikuwa na kitasa, lakini komeo la ndani limeng'oka, limebaki matundu manne ya misumari. Nakumbuka yale matundu kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Saa sita usiku mlango ukagongwa. "Dada, unahitaji chochote?" Alikuwa askari. Nikasema sihitaji. Saa saba tena. "Dada, hujalala?" Nikasukuma meza mlangoni, nikaweka kiti juu ya meza, nikaketi kitandani na kiatu mkononi. Saa nane akajaribu kitasa. Taratibu. Kilizunguka hivi... kikarudi. Sikupiga kelele. Mnajua kwa nini sikupiga kelele? Ningempigia nani? Ule utulivu nilioufuata ndio ulionikaba. Nje ya ukuta barabara tupu, na mtu pekee wa kumwita ndiye aliyekuwa mlangoni.

Kulipopambazuka nikatoka na begi langu. Ng'ambo ya stendi, kule kwenye mitaa yenye fujo niliyokatazwa, mama mmoja alikuwa anauza mahamri na mbaazi. Aliniona macho akajua. Hakuniuliza mengi. Akanipa kikombe cha chai akasema, "Ungekuja hapa jana ungelala na wanangu. Hapa hatulali wote kwa pamoja, daima kuna aliye macho." Nikalia ndani ya mbaazi zake.

Siwasemi vibaya Malindi, ni ndugu zetu, na upande ule ule wa miti ya mivinje wako watu waaminifu wengi. Askari wengi ni baba za watu na wanalinda kwa haki. Ninalosema ni kwamba ukuta unamlinda aliye na watu ndani. Aliye peke yake, ukuta unamfungia. Kelele niliyoiogopa ilikuwa ni watu.

Kuna jambo zito nitalipitia upesi, kwa sababu nikilinyamazia wageni watasema nawaficha, na nikilirefusha tutakesha. Mwaka 2011, ndani ya wiki chache, wageni walitekwa kwenye visiwa vya jirani, Kiwayu na Manda. Mwaka 2014 kukatokea msiba wa Mpeketoni, mji wa bara, watu walipouawa kwa shambulio, na hapa kwetu tukawekewa amri ya kutotoka usiku. Manahodha mlioko hapa mnakumbuka boti zilivyolala jetini na matumbo yalivyolala na njaa. Kwa miaka mingi mabasi ya kuja Mokowe yalisindikizwa na polisi. Msafiri, barabara ile usiisafiri usiku, na kabla ya kupanda basi muulize mtu aliyepita wiki hii, si aliyepita mwaka jana. Ukitaka kwenda mbali kaskazini kwenye visiwa au bara upande wa msitu wa Boni, hilo si jambo la kuamua peke yako na simu yako. Na mtazame pia: nyumba zile mbili za 2011 zilikuwa ufukweni, zimejitenga, mbali na mji. Narudi pale pale. Jirani.

Sasa nageuka kwa sisi wenye vyumba. Wageni zibeni masikio kidogo, haya ni ya nyumbani.

Jamani, kwa nini tunapiga kelele jetini? Nimesikia kwa masikio haya, boti limefunga, watu sitini wamesimama, na mwenzetu anaita kwa sauti: "Yuko wapi dada aliyekuja peke yake, chumba cha juu?" Umewatangazia watu sitini mambo matatu ambayo mimi nisingemwambia hata binamu yangu. Mwite kwa jina. Au nyamaza, umtambue kwa picha aliyokutumia. Kisha mkiwa njiani, tembea naye kutoka jetini hadi mlangoni, mchana, polepole, na umsalimie kila mzee wa barazani mbele yake. Usimtambulishe. Salamu inatosha. Wazee wameshamwona, naye ameshawaona. Kazi imekwisha.

Mlango uwe na komeo la ndani. Mimi nalijaribu kwa mkono wangu kabla ya kila mgeni, mtajua kwa nini. Kwenye dari zetu, paa la nyumba hii linagusa paa la ile, paka wanatembea mji mzima bila kushuka chini, na palipopita paka mtoto mwembamba hupita. Basi mlango wa darini nao uwe na komeo. Mgeni atakwambia hapana, nataka upepo. Mpe upepo mchana.

Na karatasi. Kipande cha karatasi chenye namba yako, jina la msikiti na jina la mtaa, aweke mfukoni. Simu huzama, mmesikia. Namba za dharura ni 999 na 112, ziandike hapo pia, ingawa usiku wa manane Langoni mtoto wa jirani atafika mbele ya yeyote.

Vijana wa jeti na wa ufukweni, msininunie. Najua mnaitwa bichi boi na kila kitu kikipotea mnatazamwa nyinyi. Ni watoto wetu, wengine nimewabeba mgongoni. Lakini mkimzunguka msichana mmoja vijana watano, kila mmoja anavuta begi, hata kama nia zenu ni safi kama maziwa, yeye anaona watu watano. Aende mmoja. Aseme bei. Mgeni akisema la, iwe la. Nanyi wageni, chagueni mmoja siku ya kwanza, mkubaliane bei, mkae naye siku zote. Wengine watawaacha, kwa sababu yule mmoja atawalinda kama shamba lake.

Mabinti wengi huniuliza: mama, njiani mtu akiuliza "uko peke yako?" nijibu nini? Wanaona haya kusema uongo, na mimi pia sitaki kuwafundisha uongo. Basi nimewatafutia njia. Sema, "Shangazi yangu ananisubiri Langoni." Mimi ndiye shangazi. Nimewakubali wote kuanzia leo, mbele ya mashahidi, na nitawasubiri kweli. Hujasema uongo. Ila shangazi naye ana masharti: ukitoka, sema unakokwenda. Ukipanda mashua, niachie jina la nahodha na jina la chombo, na usipande chombo kisicho na jaketi za kuokoa maisha hata kikiwa kizuri namna gani, na tanga jipya, na nahodha anaimba. Ukibadili mawazo njiani, nitumie ujumbe. Neno moja linatosha, jina la kijiji tu. "Matondoni." Basi, nimejua.

Nilitaka pia kusema juu ya mavazi na kupiga watu picha, lakini mzee pale ananionyesha saa, na mambo hayo kila mwenyeji atakuelekeza. Leso ipo, nguo za kuogelea ni za ufukweni, na mtu huombwa ruhusa kabla ya kupigwa picha.

Mzee hanionyeshi saa bure. Ananionyesha maji. Leo mwezi ni mpevu, ni bamvua, na maji yanajaa saa hii tunapozungumza, mnayaona yanavyogonga ukuta. Waliokuja kutoka Shela kwa miguu mchana, ndia mliyojia haipo tena. Itarudi baadaye, giza likiwa limeingia. Msiisubiri. Boti liko pale mbele, nahodha ni yule wa kofia ya kiua, ameshanitajia bei na nimeshamshusha.

Wewe binti wa shati la kijani, uliyekaa pembeni. Umetoka Shela? Umekuja na nani?

Haya. Mama huyu hapa nyuma yako anaishi Shela. Mwambie jina lako, mpande pamoja.